Nahodha wa Merikebu ya Bembea

...na tangawizi nayo imekwisha ukali, zimebaki nyuzi tu, anazitafuna hivyo hivyo kwa upande wa kushoto kwa sababu upande wa kulia kuna jino bovu, na kutafuna ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo mwanamume huyu wanayemwita Nahodha, amefungwa chuma mapajani, yumo ndani ya merikebu isiyojua maji, merikebu ya mabati iliyopakwa rangi nyekundu na kuning'inizwa kati ya nguzo mbili nene katikati ya bustani ya michezo, inasubiri ijae watu ianze kupembea, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka pua yake itazame mawingu na abiria wabaki wananing'inia kama nguo kwenye kamba... usifikirie kupembea, anajiambia, fikiria kitu kilichosimama, fikiria ukuta, basi anafikiria ukuta, ukuta wowote katika zile kuta zake, maana mtu huyu si nahodha na hajawahi kuwa, ni mwashi, mikono yake imeliwa na saruji tangu ndevu hazijaota, na bahari anaijua kwa kuiona kwenye kalenda ya duka la rangi. Mwashi hodari, hilo hakuna wa kumnyima, ukuta wake ukisimama umesimama, ng'ombe akijikuna hapo anaumia ng'ombe, lakini mpandishe kwenye kitu chochote kinachosogea, lori la mchanga, lifti, hata kile kiti cha kinyozi kinachozunguka, roho inamchafuka, mate yanamjaa, jasho la baridi linamtoka nyuma ya masikio, na hapo... hapo afadhali usiwe umekaa mbele yake, na mbele yake leo, kiti cha mbele kabisa kwenye pua ya merikebu, amekaa binti yake na mchumba wake, vichwa vimekaribiana, nywele za binti zimesukwa vizuri na mama yake asubuhi, shingo iko wazi, shingo ile ile ya mtoto aliyekuwa akimbeba mabegani, na yeye anaitazama, anatafuna nyuzi.

"Umekumbuka mbali, mkwe," anasema aliye kando yake, na huyo ndiye baba wa mchumba, kinyozi, mtu wa sauti ya chini na vidole vyembamba, amekaa ameshika kofia yake mapajani kama aliye msibani, na Nahodha anajibu kwamba ndiyo, amekumbuka mawimbi, na kinyozi anasema, "Enhe," hiyo tu, enhe, na enhe ya kinyozi huyu inatisha kuliko wembe wake, maana kinyozi amesikiliza uongo wa watu wazima tangu ujana wake, uongo wa wake zao, wa kazi zao, wa nywele zao zinazoota upya, wote ameusikiliza kwa heshima huku akiwa ameshika wembe, na hajawahi kumkatiza mtu, anasema enhe, anakung'uta kitambaa, anaita mwingine. Ni yeye aliyeanza mambo haya, anawaza Nahodha, hapana, si yeye, ni kovu, siku ile walipokuja nyumbani kujitambulisha, kinyozi wa watu akauliza kwa adabu, haya makovu ya viganjani mkwe ni ya nini, na kama ulimi ungesema ni ya saruji, maneno yangeishia pale, chai ingenywewa, lakini ulimi huu, ulimi huu wenye miguu yake wenyewe, ukasema ni kamba za meli, na meli ikahitaji bahari, na bahari ikahitaji dhoruba, na dhoruba ikavunja mlingoti, na mlingoti, ndiyo, akakumbuka sasa, mlingoti ule ulipolala upande ni nani aliyeuona kabla ya wote? Ni yeye, nahodha msaidizi, kijana mdogo kuliko wote melini, alitoa timazi mfukoni, uzi wa kupimia wima, katikati ya mawimbi marefu kuliko minazi, akapima, akasema mlingoti umelala, wakamcheka, na mlingoti ukaanguka, na wote wakaokolewa na nani... wageni walikuwa wameweka vikombe chini wanamtazama, mchumba mdomo wazi, mkewe ameinama anafuta meza isiyo na uchafu, na binti, binti alikuwa anatazama dirishani, anatabasamu tabasamu la mtu anayejua bei halisi. Kuanzia siku hiyo Nahodha likawa jina, na mchumba, kijana mwenye adabu zake, alipotaka kuwafurahisha wazee wa pande zote akanunua tiketi za bustani ya michezo, akasema kwa heshima ya baba tutapanda merikebu, na ungesemaje? Mkewe alimwambia pembeni, sema mgongo, kila mtu wa umri wako ana mgongo, hakuna atakayekuuliza, naye akamjibu mke wangu mimi mgongo wangu ni chuma, na mkewe akamtia kipande cha tangawizi kiganjani kama anayempa mtoto nauli, akaenda kukaa kwenye benchi pamoja na mke wa kinyozi, wako pale chini sasa, wamefungua mwavuli wa jua, wanapunga mikono, anawaona wadogo wadogo, na yeye anapunga pia, kwa mkono mmoja, maana ule mwingine una kazi.

Mkono ule mwingine umeshika timazi. Hili hata mkewe hajui, anajua tangawizi, anajua limau, anajua kufungua dirisha, lakini timazi ni siri ya mwashi na marehemu fundi wake, walipokuwa wakibebwa nyuma ya lori juu ya mchanga, yeye kijana anatapika njia nzima mpaka nyongo, fundi akachoka kusogeza miguu yake, akatoa timazi, lile tone la risasi lenye uzi, akalining'iniza mbele ya pua yake, akamwambia macho yako ni walevi, usiyaamini, tazama uzi huu, lori likiyumba uzi utarudi penye haki yake, na wewe rudi nao, na ajabu, lilimsaidia, kidogo, kiasi cha kufika kazini na chai ikiwa bado tumboni, na tangu hapo hapandi kitu bila timazi mfukoni, wengine wana hirizi yeye ana tone la risasi. Na leo limefanya kazi tangu walipoingia, maana kabla ya merikebu waliketi kwenye vikombe, vikombe vikubwa vya bati vinavyozunguka huku sahani yake nayo inazunguka, nani aliyebuni kitu kama hicho, mtu huyo ana mama? Alishuka mbingu ikizunguka, miti ikipita kama inakwenda sokoni, akasema kwa sauti nene kwamba ah, mchezo wa watoto huu, hata chai haukorogi, akaenda nyuma ya kibanda cha soda kama mtu anayetafuta choo, akaegemea ukuta, akaning'iniza timazi, akalitazama mpaka dunia ikarudi mahali pake. Halafu wakapanga foleni ya merikebu, na foleni ikakwama, mtoto mmoja alitapika kabla hata haijaanza, akateremshwa, wakateremshwa wote, msichana wa mitambo akafungua vyuma vyote mapajani akiwa amenuna, akaleta ndoo na fagio na maji ya dawa, akaosha, akasonya, akasema sheria ya hapa ndiyo hiyo, vyuma vikishafungwa havifunguliwi mpaka safari iishe, awe mtu analia awe mtu amesahau mtoto wake, ila akitapika mtu, hapo nashusha wote naosha, basi tafadhalini wenye matumbo ya karatasi mkapande farasi wa mbao. Watu wakacheka. Nahodha alicheka kuliko wote, akasema watoto wa siku hizi, akamshika kinyozi bega, na bega lile halikucheka.

Sasa wamekaa, vyuma vimefungwa, viti vya nyuma vinajazwa taratibu, wanafunzi fulani wanasukumana wakigombea mwisho kabisa kwenye mkia, na yeye ameshusha timazi kati ya magoti yake, mkono umetulia juu ya chuma, hakuna upepo, merikebu imeshikwa breki haitikisiki, uzi umesimama kama mstari wa rula, na kwa mazoea tu, kama vile mshonaji anavyotazama pindo la nguo ya mtu asiyemjua, akainua uzi usawa wa jicho, akafumba jicho moja, akaulinganisha na nguzo ya kushoto. Akaulinganisha tena. Juu, pale mhimili wa merikebu unapoingia, uzi umegusa ukingo wa nguzo, umelala nao shavu kwa shavu, na chini, pale penye rangi mpya ya kijani, uzi uko mbali na nguzo, unaweza kupitisha kidole, kidole chake, ambacho si chembamba... ni kizunguzungu, akasema, ni vile vikombe, dunia haijarudi yote, akafumba macho, akameza mate, akafumbua, akabadilisha mkono, kidole. Basi akageukia nguzo ya kulia, taratibu, huku anajicheka, akafumba jicho, na pale uzi na nguzo vikashuka pamoja juu mpaka chini bila kuachana, kama ndugu wanaopendana, na hapo ndipo jasho lilipobadilika, maana yeye jasho la kichefuchefu analijua, hili silo, kama kichwa ndicho kinachoyumba nguzo zote mbili zingelala, kichwa hakichagui nguzo. Akarudi kushoto. Wale wanafunzi walikuwa wamekaa sasa, wameangukia viti vyao kwa kishindo, na pengo... lilikuwa kidole, si lilikuwa kidole? Sasa ni kidole na kucha yake. Chini ya nguzo rangi ile ya kijani ni mpya kweli, inang'aa, imepakwa pale chini tu, juu yote imechujuka, na mtu hapaki rangi chini tu bila sababu, mtu hapaki poda shavu moja.

Sema, akajiambia, sema sasa, mdomo huu unaosema yasiyokuwepo useme lililopo, akageuka kwa kinyozi, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti aliyotaka iwe ya kawaida, "Mkwe, ile nguzo imelala." Kinyozi akaitazama nguzo, akatazama timazi, akatazama uso wa Nahodha uliolowa, akachukua muda wake, kama anavyomtazama mtu aliyemwambia nywele zinaota, akasema, "Enhe. Kama ule mlingoti." Na hakukuwa na kejeli, hilo ndilo lililomuua, hakukuwa hata na tone la kejeli, kulikuwa na huruma, kinyozi alimpigapiga goti, akasema pole pole kwamba yeye mwenyewe anaogopa, tangu asubuhi anaogopa, ila kwa ajili ya watoto tujikaze, itakwisha. Hadithi nzima, neno kwa neno, ameisimulia mwenyewe, timazi, nguzo iliyolala, kijana aliyeona kabla ya wote, alishaitumia, ameitumia kwenye chai na maandazi, ameitumia ili kovu la saruji liwe zuri, na sasa anaihitaji na imechakaa. Msichana wa mitambo akapita anavutavuta vyuma kuhakikisha, Nahodha akamshika mkono, akamwambia binti yangu, nguzo ile, iangalieni, mimi ni mwashi, imetoka kwenye wima, na msichana bila kusimama akasema, "Mzee, kila siku kuna mzee ambaye nguzo yake imelala," akavuta chuma cha kinyozi, kiko sawa, akaendelea, na wanafunzi wa nyuma wakaipokea hiyo, nguzo ya mzee imelala, wakaifanya wimbo, mchumba kule mbele akageuka nusu, amejaa aibu kwa niaba ya baba, akatabasamu tabasamu la kusema tuko pamoja, akageuka tena. Binti hakugeuka. Piga kelele, basi, simama, husimami, umefungwa chuma, piga kelele kama mwanamke aliyeona nyoka, halafu? Watacheka, kelele ndizo bei ya tiketi hapa, watu wamelipa wapige kelele, kila merikebu ikipanda watu wote wanasema tunakufa tunakufa na msichana yule anakula karanga. Na kama umekosea, Nahodha wangu, kama ni chuma tu kimepinda tangu kiwandani na kimebeba watu miaka bila neno, binti ataolewa na nyumba ambayo mpaka vitukuu watasimulia baba yake aliyelia bustanini... na kama hujakosea? Akaitazama ile shingo, mistari ya nywele imenyooka, mama yake ana mkono wa kunyoosha, ingekuwa mwashi yule mwanamke. Pua ya merikebu ndiyo inayopanda juu kabisa. Pua ndiyo inayokuja chini.

Na akakumbuka safari za basi, hakutaka lakini zilikuja zenyewe, binti akiwa mdogo, meno ya mbele hana, wamekaa kiti kimoja kwenye basi la kwenda kwa bibi, mfuko wa plastiki mikononi mwa mtoto, ameukunjua tayari, kwa sababu mtoto alikuwa akijua kona kuliko dereva, na baba akatapika humo, kimya kimya, akijifanya ameinama kutafuta kiatu, na harufu ikapanda, abiria wakaanza kugeuka na kuziba pua, na mtoto yule akafuta mdomo wake mkavu kwa mkono wa gauni, akasema kwa sauti wote wasikie, samahanini, ni mimi, nimetapika. Nani alimfundisha? Hakuna. Safari zote ni mimi, ni mimi nimetapika, mpaka kwa bibi wakawa wanamtengenezea uji mwepesi mtoto mwenye tumbo dhaifu, na baba mtu akikaa anasema huyu amerithi kwa mama yake, mimi tumbo langu ni pipa. Wala hajawahi kumshukuru, utamshukuru vipi mtu kwa kitu ambacho hakikutokea.

Tumbo. Akasimama hapo kwenye neno hilo, kama mtu aliyepita mlango wake mwenyewe gizani akarudi nyuma. Akitapika mtu nashusha wote. Si akilia, si akisema, si akiwa mwashi wala nahodha, akitapika. Neno lake halina bei hapa, amelichuja mwenyewe mpaka limebaki maji, lakini tumbo lake, lile limbea, lile lililomwaibisha kwenye malori na lifti na harusi ya kaka yake, halijawahi kusema uongo hata siku moja, na msichana wa mitambo hana hiari nalo, ataleta ndoo. Akaitema tangawizi kiganjani, akaiangusha. Akalikunja timazi, uzi kwanza kama alivyofundishwa, akalitia mfukoni, na akafanya mambo yote ambayo tangu ujana amejikataza, akaacha kutazama mbali, akatazama miguu yake, akatazama bati la sakafu lenye dawa iliyokauka, akavifikiria vikombe, akavizungusha, kikombe huku sahani kule, akawaza lori, moshi wake, mayai, mafuta ya samaki, mbele, nyuma, mbele, nyuma, njoo sasa mwanaharamu wewe, njoo, umenifuata maisha yangu yote bila kuitwa, leo nakuita... na tumbo likanyamaza. Limetulia kama maji ya mtungi. Roho nyeupe, mate makavu, kichwa chepesi, hajawahi kujisikia mzima namna hii ndani ya kitu chochote chenye viti, kumbe hofu ndiyo dawa, kumbe hofu ya kweli inafukuza kichefuchefu kama mwenye nyumba anavyofukuza mpangaji, na msichana amekwishafika penye kibanda chake, amesimama, mkono wake uko juu ya ule mkono wa mtambo, anamsubiri mtu mmoja pale chini amalize kupiga picha, kule kwenye benchi mkewe ameteremsha mwavuli, ameinua shingo, anamtazama yeye.

Basi akaingiza vidole. Viwili, vinene, vya mwashi, vyenye ladha ya chuma na tangawizi, mbele ya mkwe wake, mbele ya wimbo wa wanafunzi, kinyozi akageuka na kofia ikaanguka kutoka mapajani, mkwe, akasema, mkwe, unafanya nini, na yeye machozi yanamtoka, anasukuma mpaka kwenye mzizi wa ulimi huu, ulimi wenye miguu, anautafuta mwanzo wake ulipo, na koo likashtuka, likakataa, likashtuka tena, sauti ikamtoka ambayo binti angeijua hata katikati ya soko, na kweli, kule mbele, bila kugeuka, bila kuacha kumsikiliza mchumba wake aliyekuwa anamwonyesha kitu angani, binti akapitisha mkono nyuma, chini chini, katikati ya viti, na mkononi kuna mfuko wa plastiki, umekunjwa mdogo, umeanza kukunjuka wenyewe, alikuja nao kutoka nyumbani, alikuja nao siku zote. Unatosha. Angeupokea akainama kidogo kama anayetafuta kiatu, hakuna ambaye angeona, hakuna ndoo, hakuna kushuka, Nahodha angebaki Nahodha na merikebu ingeondoka. Mkono wa binti ukatikisa mfuko, kidogo, kama zamani, chukua baba. Merikebu imetulia. Mtu wa picha anasema moja zaidi. Na yeye akautazama ule mkono, akaupenda, akausukuma pembeni kwa kiwiko, akanyoosha mgongo wima kabisa ili wote waone, na hakuupokea.